Sura Iliyogandana kwa Jamu

Baba Watoto na Binti,

Chai iko kwenye chupa. Mkate ukateni kwa kisu kile butu. Kikali nimekwenda nacho dukani, leo nina mashada mengi ya maua. Binti, zima pasi kabla hujatoka. Kuzima kwa mkono, siyo kwa mawazo.

La pili. Tulikubaliana kila mtu asome sura moja ya Biblia kabla ya kutoka, na wa mwisho asogeze utepe. Leo nimeukuta utepe kwenye Yeremia ishirini. Nikafunua nyuma kidogo kujikumbusha tulikotoka, nikakuta kurasa za sura ya tisa zimegandana kwa jamu, kavu kama gundi. Siku kumi na moja utepe umetembea, na kurasa hizo hakuna aliyezifungua.

Baba Watoto, sura hiyo ulisema imekugusa sana. Binti akasema hata yeye. Mimi niliitikia "Amina" huku naosha vikombe.

~~Kuanzia kesho kila mtu atasoma kwa sauti mbele yangu.~~ Hapana. Hapa si shuleni.

Nimezibandua kwa mvuke wa birika, ndiyo maana nimechelewa. Nimeisoma. Utepe nimeurudisha kwenye tisa, na asiyesoma asiuguse, hata tukikaa hapo mwezi mzima.

Jamu ilidondoka kutoka kwenye mkate wangu, nyinyi hamjaamka. Siku hiyo nilifuta meza, nikafunga Biblia, nikasogeza utepe bila kusoma.

Mama