Kifaa Kikiwa Mkononi

Sunnyvale, California
14 Januari 2001

Baba mpendwa,

Hujambo huko kwenye barafu? Goti linasemaje? Mimi ni mzima, isipokuwa usingizi, na huo nitaulala mwezi wa nne.

Krismasi uliniuliza natengeneza nini hasa, nikakujibu “vitu vya redio” huku mdomo umejaa chapati za viazi. Nisamehe. Unazijua zile kompyuta za kiganjani ambazo kila bwana mwenye tai anazo siku hizi? Anaandika kwa kalamu ya plastiki juu ya kioo, anaweka namba za simu na siku za mikutano. Taabu yake ni kwamba haipati habari mpya mpaka uirudishe mezani na kuichomeka kwenye kompyuta kubwa. Sisi wanne hapa tumetengeneza kipande cha kuivika mgongoni, chenye redio ndani, kinachoiunganisha na mtandao bila waya wowote.

Tarehe 30 tunakwenda kukionyesha kwenye hospitali moja kule Stockton. Wauguzi wanataka kusoma maagizo ya daktari wakiwa kando ya kitanda cha mgonjwa, badala ya kukimbilia faili mwisho wa korido. Wakikichukua, kampuni yetu inaishi. Wakikikataa, tunafunga mlango. Mtaani kwetu kila wiki kuna ofisi inayouza viti vyake. Lakini hawatakikataa, Baba. Nimekipima miezi mitatu, na kinadaka mawimbi kama mbwa wa jirani yako anavyodaka soksi.

Mwanao,
Maren


Two Harbors, Minnesota
22 Januari 2001

Mwanangu Maren,

Salamu zako zimefika, nakurudishia zangu zikiwa na baridi ya huku. Goti linasema yale yale, mimi ndiye nimeacha kulisikiliza. Je, unakula? Usinijibu “ndiyo” tu, niambie unakula nini.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimesimama. Miaka thelathini na moja nilikaa kwenye chumba cha redio cha meli za madini, na sasa binti yangu anakibandika chumba hicho mgongoni mwa kitu cha mfukoni! Niliwasomea wanakwaya baada ya ibada, wakasema nimeitunga mwenyewe.

Swali moja tu, la mzee asiye na shahada. Hiyo miezi mitatu uliyokipima, kilikuwa wapi? Mezani au mkononi? Mwili wa mtu ni maji matupu, mwanangu, na mawimbi mafupi kama hayo yenu huzama humo. Kama antena iko pale watu wanapokamata, mtasikia kimya tu.

Baba yako anayekuonea fahari


Sunnyvale
2 Februari 2001

Baba mpendwa,

Natumaini u salama na theluji haijakufungia mlango. Mimi nakula wali na maharage kwa mama mmoja wa Jalisco hapa kona, kila siku, na sahani namaliza. Umeridhika?

Stockton tumeshinda! Muuguzi mkuu wao, Bi. Milagros Dimaano, mama mfupi kutoka Batangas ambaye madaktari humpisha korido, aliandika jina la mgonjwa, na maagizo yakaja kabla hajainua kalamu. Tarehe 20 wanatia saini, wodi mbili kwa kuanzia.

Sasa lile swali lako. Kilikuwa mezani. Kwenye kibao cha mbao, miezi yote mitatu, maana vyombo vyetu vya kupimia ni vikubwa na hivyo ndivyo tulivyofundishwa: kitu kikae kimetulia ndipo upime. Siku mbili kabla ya safari nilikishika mkononi kwa sababu yako, nikakasirika. Kilikuwa kiziwi. Antena yetu iko ubavuni kushoto, chini kabisa ya viganja vya watu.

Mwenzangu Anselmo akasema, “Tusijichome wenyewe. Kikae kwenye kibao chake, mama aguse kioo tu. Saini kwanza, ufundi baadaye.” Nami nikakubali. Usijali, nitakitengeneza kabla ya kuvifikisha wodini. Najua ninachofanya.

Mwanao,
Maren


Two Harbors
8 Februari 2001

Maren,

Nimefurahi kwamba unakula. Mimi sijambo. Salamu zimeishia hapo leo.

Ulikuwa na miaka tisa tu, unakaa nami kwenye redio yangu ya nyumbani, wakati yule mtu wa Recife, ng’ambo kabisa, alipotuuliza hewani tunamsikiaje. Nilimpa jibu gani? Nilimwambia anasikika vibaya, na alishukuru, akapanda paani kurekebisha waya zake. Watu wa redio tunadanganya kuhusu umri wetu na samaki tuliowavua. Tunavyomsikia mtu hatudanganyi, kwa sababu kuna siku atakuwa anazama, na ataamini neno letu.

Wewe umemwambia yule mama kwamba kinasikia. Atakishika mkononi, amesimama mbele ya mgonjwa anayengoja dawa. Mficha maradhi kifo humuumbua, na safari hii kifo hakitakuwa chako.

Mwambie kabla hajatia saini. Nimeudhika, sikufichi.

Baba yako


Sunnyvale
21 Februari 2001

Baba,

Shikamoo ya mtu aliyenywea. Je, u mzima? Bado umeudhika? Siku tatu nilikukasirikia vibaya sana, hata sikutaka kuiona bahasha yako. Siku ya nne nikaendesha gari hadi Stockton peke yangu.

Bi. Dimaano alinisikiliza akiwa anahesabu glavu. Hakuniangalia mpaka nilipomaliza.

“Kwa hiyo kikilala mezani kinasikia, kikishikwa kinakufa ganzi?”

“Ndiyo, mama.”

“Ghorofa hii ina vitanda sitini, binti. Niwafunge wauguzi wangu meza vifuani?”

Nilitaka ardhi inimeze. Kisha akaweka glavu chini. “Wauzaji watatu wamepita hapa tangu mwaka jana. Kila mmoja, kasoro yake nimeigundua mimi, mgonjwa wangu akiwa mbele yangu. Wewe umeileta mwenyewe. Nakupa mpaka tarehe 16 Machi. Ukikosa cha mkononi, usije kabisa, nipigie simu tu.”

Saini hakuna, basi. Anselmo hasemi nami. Ananisogezea kahawa kwa kidole kama anayemlisha paka mgeni. Kosa ni langu vilevile, nami nimemwambia hivyo.

Antena naweza kuihamisha. Shida ni kujua pa kuiweka. Sisi wanne kila mmoja anakishika kwa namna yake na anaapa kwamba ndiyo namna ya watu wote. Wewe ungeiweka wapi? Vipimo vya kifaa nimekuandikia nyuma ya karatasi hii.

Mwanao,
Maren


Two Harbors
27 Februari 2001

Maren wangu,

Sijaudhika tena. Goti linanipa likizo leo, na wewe ujipe usiku mmoja wa kulala. Kitendo chako cha Stockton nimewasomea wanakwaya wote.

Mhandisi hajui watu wanavyoshika vitu, mwanangu, anajua anavyoshika yeye. Kwa hiyo nilichonga kipande cha mti kwa vipimo vyako, nikakipeleka kwenye kahawa ya Jumapili kanisani pamoja na kopo la masizi ya jiko. Kila mtu nilimpaka masizi viganjani, nikamfungia mti kwa karatasi mpya, nikamwambia, “Andika juu yake orodha ya dukani, huku unatembea.” Nimepata watu ishirini na saba, watano wao wa mkono wa kushoto, na mmoja aliyekosa kidole gumba tangu enzi za kiwanda cha mbao. Vitambaa vyeupe vya meza vimeharibika vyote. Kina mama wameniambia nisikanyage jikoni mpaka Pasaka.

Karatasi zote zimo humu. Zipange moja juu ya nyingine dirishani, utazame pasipo na masizi. Mimi nimeshatazama. Ni ukingo wa juu kabisa, upana wa dole gumba. Hakuna aliyepagusa.

Iweke hapo.

Baba yako


Stockton
16 Machi 2001

Baba,

Hujambo? Mimi sijambo, na zaidi ya hapo. Ujumbe huu nautuma kwenye maktaba yenu, dada wa pale atakuchapia. Nauandika kwa kalamu ya plastiki, nikiwa nimesimama katikati ya korido ya ghorofa ya pili. Kifaa kiko kiganjani mwangu, nimekibana kwa nguvu kusudi, na kinasikia.

Tulileta vitatu. Viwili wauguzi walivichukua saa moja asubuhi ili wavijaribu kwa dakika kumi. Sasa ni saa tano na havijarudi. Anselmo amevifuata wodini mara mbili, na mara zote mbili ametumwa kuleta shuka. Anapita sasa hivi nazo, anacheka peke yake.

Bi. Dimaano amenijia. Anauliza, “Hicho nacho ni cha kazi au cha kuandikia wachumba?”

Nimemwambia namwandikia baba yangu.

“Msalimie. Kitanda cha tisa wanangoja dawa. Kilete.”

Namwambia aniache nimalizie jina langu tu, Baba, lakini amekwisha kunyoosha mkono