Chengeu za Taa Juu ya Chungu

Kuze, Mombasa, 1947

Gaffar mwanangu,

Sisi tu wazima, wewe ndiwe mvivu wa kuandika. Kile kiegemeo ulichoahidi, cha kuundia chengeu za taa, hivi vifuniko vya kukinga mwanga, sijakiona. Basi nimejaza ndoo mchanga, nikafudikiza chungu juu yake, na hapo ndipo napanga vioo vya rangi nikivitia lehemu. Chungu chasimama imara kuliko ahadi zako!

Jana nikiwa kazini nikasikia harufu ya nyama. Nikamtukana jirani, "Wachoma mishikaki mchana wa Ramadhani, huna haya?" Kumbe ni kidole changu kinaungua kwenye chuma cha lehemu, wala sikuhisi kitu.

Naogopa ni ukoma. Njoo unipeleke kwa daktari. Binti yako Fatema alia abebwe, nami tangu jana sijamgusa.

Mamako,
Hajra