Dodoki kwenye Mashavu ya Wanjiru

Jumatatu, mjini Richardson. Jua linakaanga lami huko nje, na mimi humu ndani nachemka kuliko lami.

Leo natamani kumpiga mtu. Nasema wazi. Mtu huyo ni wifi yangu wa Houston.

Juzi tulikuwa kwake huko Houston, mtaa wa Sharpstown, mtoto wake amebatizwa. Binti yangu Wanjiru ana miaka kumi na tano na chunusi mashavu yote mawili. Wifi akamketisha jikoni mbele ya wageni, akatangaza kwamba anamfanyia Ayurveda, ile tiba ya asili ya Wahindi: limau, chumvi, manjano na soda ya kupikia, akasugua kwa dodoki.

"Vumilia, mrembo. Uchafu lazima utoke."

Mimi nilikuwa nje penye nyama choma, nabishana siasa na wanaume. Niliporudi, mashavu yalikuwa yanatoka damu, na kuna waliokuwa wanacheka.

Nilishika bakuli la mchanganyiko wake nikalibamiza kwenye sinki. Likapasuka. Sijutii.

Maana nimesoma. Ayurveda ninayoijua haiiti chunusi uchafu. Inasema ni joto la mwili lililozidi, wenyewe wanaliita pitta, na tiba yake ni kupoza: kupunguza pilipili na vya kukaanga, kulala vizuri, kupaka msandali au mwarobaini kwa mkono mwepesi. Si lazima uiamini. Lakini usiazime jina lake kumchuna mtoto wa mwenzio. Na msiniambie eti cha asili hakidhuru. Sumu ya nyoka nayo ni ya asili.

Leo asubuhi daktari wa ngozi ametupa mafuta ya vidonda na kukataza kingine chochote mpaka vifunge. Chunusi, amesema, ni vinyweleo vilivyozibwa na mafuta, pamoja na homoni za umri ule. Kusugua kunazidisha.

Tukiwa garini nikamweleza Wanjiru mpango wangu. Jumapili ijayo wifi atakuja huku kuimba kanisani kwetu. Nitasimama wakati wa matangazo nimwanike. Hotuba ilikuwa tayari kichwani. Nikamwonjesha kipande, kile kikali.

Akavuta kofia ya sweta mpaka machoni.

"Mum, please. Ukisimama, everyone will look at me, wote wataniangalia mimi."

Niliukaba usukani mpaka nyumbani.

Wifi nitampigia simu, mimi na yeye tu, na hatasahau hata neno moja. Lakini Jumapili nitakaa kando ya mtoto wangu, mdomo nimeufunga, huku yule mwanamke akiimba safu ya mbele.

Nimeshinda mabishano mengi. Kunyamaza sijawahi hata kujaribu.

Nitaweza?