Kioo cha Kutazamia Harusi ya Aisha

Jumamosi, 4 Shaaban

Nimeanika nguo. Nimekaanga mahamri. Nimemuuliza mume wangu Bwana Shee kama amekunywa dawa ya presha, akasema ashakunywa. Hakunywa. Nimesimama mbele yake mpaka akameza.

Kioo kimefika. Kaka yangu Omari amekipakia kwenye boti kutoka Kiwayu, kimezungushiwa blanketi mbili na kamba. Hoteli anayofanyia kazi imebadilisha vitu vya ofisi, hiki wakamwachia. Ni kioo cha kompyuta, kipana kama sinia ya pilau. Nimekilaza kitandani, nimekifunika shuka kama mgonjwa. Omari asema hiki ndicho cha kuonea video ya HD, hata unywele wa nyusi utauona. Nyusi sina haja nazo. Mimi nataka kuuona mlango wangu tu, na nani aliyepita.

Naandika yote hapa maana hapa hapasomwi na mtu. Siku ya harusi, binti yangu Aisha alipotolewa nje kuonyeshwa, wanawake peke yetu, mimi mamake nilisimama mlangoni na mrashi mkononi, nikawanyunyizia wageni marashi mmoja mmoja. Bi Rukia, mama wa mume wa Aisha, asema nilimpita. Mama wa bwana harusi, ametoka Pate amelowa mawimbi, nikawanyunyizia wenzake yeye nikamwacha mkavu. Miezi kumi analisema hilo. Na mimi miezi kumi naapa nilimnyunyizia. Tena mara mbili.

Yangeishia hapo. Lakini sasa Aisha ana mimba ya miezi saba, ya kwanza. Uzazi wa kwanza ni kwa mama. Mimi Aisha nilimzalia kwa mamangu, na mamangu mimi alinizalia kwa mamake. Bi Rukia amesema mara hii itakuwa Pate, kwake. Asema nyumba isiyojua kumpokea mgeni mlangoni itajuaje kumpokea mtoto.

Ndiyo maana nimekitaka kioo.

Jumapili, 5 Shaaban

Wifi yangu Zuhura amekuja na laptopu yake. Ni dadake Bwana Shee, mwalimu wa chekechea, ulimi wake hauna kifuniko. Laptopu yenyewe imepasuka uso, nusu ni weusi kama wino umemwagika. Ndiyo sababu ya hiki kioo kikubwa. Video ya harusi iko kwenye flashi, kwenye simu haifunguki. Kuna ile ndogo tuliyotumiwa kwa simu, hiyo inafunguka, lakini wageni mlangoni ni kama kunguru ukutani. Humjui nani ni nani.

Tumechomeka waya. Kioo kikawaka. Maneno ya Kizungu yakatembea kutoka kona hii hadi kona ile, kisha giza. Zuhura akasoma, asema kioo kinalalamika hakikuletewa kitu na mtu. Tumechomoa, tumechomeka. Mara nne. Giza.

Shida ni fundi. Fundi ni Athmani wa duka la simu, na Athmani ni mwanamume. Humo ndani ya video mtaa wetu wa Langoni mzima uko kichwa wazi, mabega nje, watu wamecheza mpaka wamelowa. Nilimwahidi kila mama aliyeingia kwamba hakuna mwanamume atakayeona hata kufumba na kufumbua. Fundi mwanamke hapa simjui. Yule msichana aliyepiga video alitoka Mombasa, na karudi Mombasa.

Nimefikiri mpaka kichwa kikauma. Kesho Athmani atakaa dakani, nje ya mlango. Sisi ndani. Mlango na komeo.

Jumatatu, 6 Shaaban

Athmani amekaa dakani tangu saa tatu mpaka adhuhuri. Yeye auliza kwa sauti, sisi twajibu kwa sauti. Ni kama kumzalisha mwanamke kupitia ukuta.

Akauliza waya una kichwa gani. Nikasema cha samawati, kina skrubu mbili. Akasema si huo. Akaenda dukani kwake, akaja na mwingine wa kichwa bapa, akaupenyeza chini ya mlango. Akasema nibonyeze kitufe chini ya kioo. Nikabonyeza, kikazima. Nikabonyeza, kikawaka, kikaniuliza kitu. Nikakubali. Sijui nilikubali nini. Maandishi yote yakageuka ya nchi ya mbali, kama njiti za kiberiti zimemwagwa. Zuhura akasema hongera wifi, umetuhamisha kutoka Lamu bila pasipoti.

Nikazichora zile njiti kwenye karatasi nikampenyezea. Nikamsikia Athmani akiigeuzageuza ile karatasi. Kisha akasema tuhesabu naye. Chini mara tatu, kulia, chini moja, kubali.

Picha ikaja. Alhamdulillahi.

Ila tumekuwa wapana sote. Mimi nimeujaza mlango, hata mwangaza haupiti. Nikakaa chini. Zuhura akasema kioo hakijui kumficha mtu. Mara sauti ya Athmani hiyo dakani, wala hatujamuuliza, asema kama watu wamenenepa tuingie kwenye mipangilio tuchague namba kubwa, ile ya elfu moja mia tisa na ishirini. Tukachagua. Tukapungua. Nimemwombea dua fundi yule, yeye na wazazi wake.

Na HD ni kweli. Nimeona doa la mchuzi kwenye pazia langu. Miezi kumi pazia lile liko palepale na sikuliona.

Lakini video inakwamakwama. Inasogea kidogo, inasimama. Hata mlango haijaufikia. Athmani asema video nzito, tuitoe kwenye flashi tuihamishie ndani ya laptopu kwanza. Tumeiacha inahama.

Na sauti hakuna kabisa.

Jumanne, 7 Shaaban

Leo ni siku mbaya. Naiandika niimalize.

Kumbe vioo hivi havina sauti yake. Zuhura ameleta spika ile isiyo na waya. Laptopu ikatoa orodha ya majina ya spika zilizo karibu, tukabonyeza jina la kwanza. Kimya. Tukaongeza sauti. Kimya. Tukaongeza mpaka mwisho wake.

Lile jina la kwanza lilikuwa spika ya duka la juisi, ng'ambo ya uchochoro.

Wanaume wamekaa pale na gilasi zao za ukwaju. Wakasikia vigelegele. Kisha wakanisikia mimi, wazi kama tangazo la maziko, namwambia mpishi wangu: "Sinia mbili hizo zifiche uvunguni. Watu wa Pate washakula, na wakiziona watakula tena."

Bwana Shee alikuwa mmoja wao. Hakumaliza juisi. Akaja, akasimama ukumbini, akaniuliza kama yule ni mimi. Nikasema ni mimi. Akasema haya. Akaenda msikitini, na adhana bado.

Sinia zile zilikuwa za wapishi. Hawakuwa wametia kitu tumboni tangu alfajiri. Lakini nani atalieleza hilo? Boti ya Pate imeondoka baada ya adhuhuri na habari imeabiri, haikulipa hata nauli.

Nina aibu. Nimefua nguo zilizokuwa safi.

Jumatano, 8 Shaaban

Aisha amepiga simu, analia. Mkwewe ameshaambiwa. Hakugomba. Ametoa buibui lake jema akalipiga pasi. Kesho anakuja.

Huyu ndiye niliyempelekea salamu mara sita aje, akasema mguu wake hautagusa Langoni. Sasa anakuja.

Aisha asema, Mama, zima hiyo kompyuta, itupe. Nimemwambia sizimi. Mlango ukionyesha kweli yangu, sinia zitasameheka.

Video imeshahama, haikwami tena. Spika tumeipata iliyo yetu, tumejaribu kwa sauti ya chini, Zuhura amesimama uchochoroni kuhakikisha. Akataka tuutazame ule mlango kabisa, tujue. Nimekataa. Nimemwambia nimeapa, sina haja ya kuchungulia.

Hapa naandika kweli. Naogopa.

Nimemwita Bi Khadija jirani aje kesho awe shahidi. Siku ile alikuwa kwenye foleni ya mlangoni.

Alhamisi, 9 Shaaban

Bi Rukia alifika saa nne. Kahawa hakuigusa. Akakaa kiti cha mbele kabisa, akasema, "Nimekuya kuona kwa mato yangu."

Bwana Shee nilishamtoa. Zuhura akafungua.

Mlango wangu huo. Wageni wanaingia, mabuibui meusi, nyuso zimefunikwa kwa sababu ya wanaume wa njiani, macho tu. Mimi nilikuwa na alama yangu. Aisha aliniambia mkwewe atavaa buibui la pindo la dhahabu mikononi. Na huyo pindo la dhahabu anaingia. Ananyoosha mkono. Nambusu mkono, nasema karibu mkwe wangu, nyumba ni yako, namnyunyizia kichwani, mabegani, viganjani. Anapiga hatua mbili, namrudisha, namnyunyizia tena.

Nikapumua. Nikataka kusema, mwaona?

Zuhura akasimamisha picha. Akasogea kwenye kioo. Mkono ule niliokuwa nimeushika, kidole cha mwisho kimepinda kwa ndani kama ndoana.

Hakuna asiyekijua kidole hicho Langoni. Tukageuka sote. Bi Khadija alikuwa amekipeleka kinywani pamoja na hamri.

Akameza. Akasema, "Ulinibusu mkono, Bi Amina. Ningeukataaje? Nikadhani siku ya harusi kila mtu ni mkwe."

Zuhura akaendeleza. Nyuma ya Bi Khadija, pindo jingine la dhahabu. Mimi nimeshageuka natafuta chetezo cha udi. Yule mgeni amenyoosha mkono. Umebaki hewani. Kioo kile kinaonyesha kila kitu, nikaona hina kwenye kucha, nikaona vidole vinangoja. Kisha ukarudi ndani ya buibui polepole.

Sikuweza kukaa. Nilisimama mbele ya wote nikasema nimekosa, nimeapa kwa nisilolijua, nimekuita mwongo miezi kumi na mwongo ni mimi. Nisamehe.

Bi Rukia aligeukia kioo. Alimwambia Zuhura, "Rudisha." Zuhura akarudisha kwenye mkono wake ule. Akasema si hapo. Kabla. Pale pa Bi Khadija.

Akatazama navyombusu. Akasema rudisha. Akatazama tena, na marashi, na kurudishwa mlangoni. Mara tatu.

"Haya yote yalikuwa yangu?"

"Yote, mkwe wangu."

"Na hiyo mara ya pili?"

"Na hiyo."

Akamgeukia Bi Khadija. "Miezi kumi mimi nakosa usingizi, na haki yangu waila wewe. Na mahamri juu yake."

Zuhura ndiye aliyeanza kucheka. Kisha Bi Khadija, kisha yeye mwenyewe Bi Rukia, mkono mdomoni. Mimi nililia, kisha nikacheka na machozi yale yale.

Ya sinia nikamweleza. Akasema watu wake walikula kweli, yeye alikuwa nao na alishindwa kuwazuia.

Alipovaa viatu akanambia Aisha atapanda boti ya Jumamosi asubuhi, kabla bahari haijachafuka. Yeye mwenyewe atafuata Aisha akishazaa. Akasema, "Na mlangoni nitafunua uso kwanza."

Ijumaa, 10 Shaaban

Nimefunga. Kiapo kile kinanikera, hata kama sikujua. Nitafunga tatu.

Zuhura amechukua laptopu yake. Kioo nimekifuta vumbi.

Athmani amepita baada ya swala. Nilidhani anataka ujira. Asema anataka kuelezwa mwisho wake tu, maana dakani alisikia nusunusu na roho haitulii. Nikamweleza kwa kupitia mlango.

Jumamosi, 11 Shaaban

Aisha amefika. Miguu imevimba, uso umejaa. Nimemkanda kwa mafuta ya nazi. Amekula wali na samaki, akaomba embe bichi na chumvi, nikamkatia.

Nimempa kitanda changu, ndicho chenye upepo. Bwana Shee amehamia juu bila kuambiwa. Ameshuka mara mbili tangu alasiri, anatembea kwa ncha za vidole, anasimama mlangoni, anarudi.

Aisha analala kwa ubavu, mkono chini ya shavu. Kalamu hii inakwaruza. Naacha.