Nilivyokwenda Kambini na Woga Wangu

Dispensari ya Kanisa,
Kitui Mashariki.
15 Septemba 2024

Mpendwa ndugu yangu Munyao,

Nakusalimu katika jina la Bwana. Wewe na Yvonne na watoto mko aje huko Kanada? Ule mgongo wako umepona, ama bado unainama ukiamka? Mimi ni mzima, ingawa jua la huku limenikausha kama nyama. Mama naye anaendelea vizuri kule Kilungu. Mwanangu Mbithi anamchotea maji, na ameshauza avokado za msimu huu.

Uliponipigia simu mwezi wa sita uliniuliza, "Dada, una miaka sitini na mbili. Unatafuta nini huko?" Nilicheka tu, nikakuuliza habari za watoto. Leo nitajaribu kukujibu.

Unajua tangu mume wangu Ndolo afariki nilivyojipangia maisha: kuku wangu, kwaya yangu, kiti changu pale kanisani karibu na dirisha. Pasta alipotangaza kwamba huku wanahitaji nesi, hata aliyestaafu, niliinamisha kichwa. Niliomba Mungu amtume mwingine. Jumapili baada ya Jumapili tangazo lilirudiwa, na hakuna aliyesimama. Mwishowe nilisimama mimi.

Huku watu wanaishi kwa wasiwasi. Mwaka jana wakulima na wafugaji wa ngamia walipigana kwa ajili ya malisho, na watu wakafa pande zote mbili. Mbula, mama anayefagia dispensari yetu, alimpoteza mwanawe Kisilu. Kijana alikuwa ameenda kutafuta mbuzi, akarudishwa akiwa amebebwa. Tangu nije, nilikuwa sijawahi kumsikia Mbula akilitaja jina lake. Wengine ndio walionieleza.

Sasa, mwezi uliopita, mchana, mwanamume mmoja aliingia akihema. Aliitwa Aftin, wa kambi ya wafugaji. Mke wake Farhiya alikuwa na uchungu tangu jana yake na mtoto hatoki. Wanawake waliokuwa kwenye foleni waliwavuta watoto wao karibu. Nilipiga simu Kitui waniletee ambulensi, wakasema itakuja lakini itachelewa, barabara ni mbaya.

Mbula alinivuta kando. "Mwaitu, usiende," akaniambia, maana huku wote wananiita mama. "Ukienda huko, nani atakurudisha?"

Niliingia chumba cha dawa, nikafunga mlango na kuomba. Munyao, nakuambia ukweli: nilidhani Mungu akikutuma, woga huondoka. Haukuondoka. Niliangusha glavu, nikaziokota, nikaziangusha tena. Nikasema, "Bwana, mimi naogopa. Twende tu hivyo hivyo." Nikachukua mkoba.

Kutoka nje, nikamkuta Mbula ameshajitwika mtungi wa maji. Hakuniangalia. "Siendi kwa ajili yao," akasema. "Naenda kwa ajili yako."

Tulitembea nyuma ya Aftin hadi kambini. Mama yake, Kaltun, alikuwa ndani ya hema, amekipakata kichwa cha Farhiya. Aliomba kwa lugha yake, nami niliomba kwa yangu, huku nikifanya kazi. Mtoto alitoka, msichana mwenye nywele nyingi. Nilimsugua mgongo, nikampulizia pumzi, nikarudia tena na tena. Hakulia.

Sikupata hata nafasi ya kuhuzunika, kwa sababu Farhiya alianza kuvuja damu. Nilimchoma sindano, nikamkanda tumbo hadi mikono ikafa ganzi. Damu ilikatika. Ambulensi ilipofika jua lilikuwa linashuka, na Farhiya alikuwa bado anapumua.

Ila kabla haijafika, Kaltun alimchukua yule mtoto ili amwoshe kwa ajili ya maziko. Mikono yake ilikataa, maji yakamwagika. Mbula, aliyekuwa amesimama mlangoni muda huo wote, akapiga magoti kando yake na kuanza kumtilia maji, kidogo kidogo. Kaltun aliuliza jambo, na Aftin akatafsiri: "Mama anauliza, una watoto wangapi?"

"Wawili," Mbula akajibu. "Walikuwa watatu. Kisilu aliuawa mwaka jana, kule malishoni."

Aftin aliinamisha macho. Nilidhani hatatafsiri. Alipotafsiri, sauti yake ilikuwa chini sana. Kaltun aliushika mkono wa Mbula uliolowa maji, akaushikilia. Akasema neno fupi.

"Anasema," Aftin akatuambia, "basi unajua."

Wale wawili walilia pamoja, Munyao, na yule mtoto katikati yao.

Nilirudi nikiwa nimemkasirikia Mungu. Nilimuuliza kwa nini anitume halafu anifikishe nikiwa nimechelewa. Hajanijibu hadi leo, na bado naamka namwomba. Labda kumtumaini ndiko huko.

Farhiya aliruhusiwa hospitalini. Juzi alikuja kliniki, amekonda, akiwa na mama mkwe wake. Walikaa kwenye benchi pamoja na wanawake wa hapa, na hakuna aliyeinuka kuwahama. Mbula aliwaletea chai.

Pasta ameniambia muda wangu unaisha Desemba, na bado hajapata nesi mwingine. Nimemwambia nitabaki. Kwa hivyo mkija Krismasi hamtanikuta Kilungu. Usikasirike.

Nisalimie Yvonne, na umpigie Mama simu mara kwa mara, anapenda kusikia sauti yako. Mungu awakinge na baridi ya huko, awape riziki na amani nyumbani mwenu. Nami nakuomba hili moja: usiniombee nirudi. Niombee nisichoke.

Ni mimi dada yako akupendaye, wa mbali kwa macho tu,
Kasiva