Muchele Mweupe na Tumbo ya Agathe

Siku ya kwanza, 3 mwezi wa tano 1954

Agathe hajaenda choo tangu posho, siku ya sita ya juma iliyopita. Tumbo lake gumu kama ngoma. Anachuchumaa, anakamata mukono yangu, analia—kisha bure. Maskini kitoto yangu! Miaka mbili tu na anajua kuomba Mungu kwa ajili ya choo.

Straton bwana yangu alisema nimupe mukate na chai. Mukate tena. Tangu tulisikia komisyon ya serikali itapita Walikale kuangalia manyumba ya makarani wanaoomba karte ya evoluwe, ya mweusi anayeishi kama Muzungu, hatukule kingine. Mukate mweupe, muchele mweupe, na bugali ya unga niliyochekecha mara mbili mpaka iko laini kama poda. Kwa kanya, ile uma ya Wazungu, na kisu! Maragi hapana. Sombe, majani ya muhogo, hapana. Alisema, wakikuta harufu ya sombe mu salon yetu, karte imekwenda.

Pumba ninamwangia kuku. Kuku wangu wananona, ni ajabu. Kwetu Masisi mama angenipiga na mwiko.

Siku ya tatu, 5 mwezi wa tano

Jana nilimupa mafuta ya mbarika. Ilitoka, lakini kwa kilio na damu kidogo. Niliogopa sana. Asubui nikamubeba mu mugongo mpaka dispanseri.

Munganga Isidore akauliza mutoto anakula nini. Nikamutajia yote, na kichwa juu—mukate, muchele, chai ya sukari. Nilifikiri atanisifu! Akacheka mpaka miwani ikashuka.

Akaniambia, ile yote ni chakula ya nguvu, si mubaya, mutoto anakimbia kwa ile. Lakini tumbo inataka pia chakula yenye nyuzi. Maragi, majani, viazi na ngozi yake, unga na pumba yake. Nyuzi haziyeyuke, zinapita zinafagia, na zinavuta maji. Na maji anywe mengi. Mafuta ya mbarika nisirudilie ovyo. Kama anakaa hivi na damu inaongezeka, atamutuma hospitali ya mbali.

Nilirudi polepole. Kumbe dawa njo ile niliyokuwa nikitupia kuku!

Posho, 8 mwezi wa tano

Nilijifanya mwerevu. Nikaondoa mukate na muchele yote, nikamupa majani tu. Lengalenga, ile muchicha, asubui, sombe mangaribi. Nilipika kwa jirani, Mama Euphrasie, ili Straton asisikie harufu. Choo ikaja, kweli, laini. Nikapiga makofi!

Lakini leo Agathe hakutaka kucheza. Alilala kwa mulango, macho madogo, miguu kama ya kuazima. Mama Euphrasie akamutazama, akanitazama.

—Unamulisha nini, mama?
—Majani.
—Majani na nini?
—Majani tu.
—We! Ulizaa mutoto ao mbuzi?

Niliona haya, kisha tukacheka wote wawili. Akatoa kiazi kitamu mu majivu, akakivunja. Agathe akakila chote na ngozi, mukono mu kinywa mpaka kwa kifundo. Kisha akasimama, akafukuza kuku.

Basi njo hivyo. Nguvu bila nyuzi inafunga. Nyuzi bila nguvu inalegeza. Zote mbili mu sahani moja.

Siku ya pili, 11 mwezi wa tano

Maragi na viazi. Bugali ya mutama, sikuchekecha. Lengalenga kidogo pembeni. Maji. Agathe anaenda choo kila asubui sasa, bila kulia. Anakuja kunivuta kanga nikaangalie. Ninaangalia, ninasifu! Nani angeniambia kama mavi inaweza kufurahisha muntu hivi.

Straton alisikia harufu. Akaingia mu jikoni na kravati yake mu shingo, yeye asiyeingiaka.

—Mama Agathe, unataka kuniangusha? Maragi, mbele ya komisyon?
—Papa Agathe, komisyon haikuamuke usiku mutoto akilia.
—Ni chakula ya basenji, ya watu wa pori.
—Na wewe evoluwe, unakaa mu choo na gazeti mpaka gazeti inaisha. Unafikiri sijui?

Nilifikiri atakasirika. Akacheka na pua, akatoka. Lakini kwa meza alikula muchele yake mweupe, na kanya. Ninajua anavyoitaka ile karte. Watoto wake wasome masomo mazuri, asiitwe boy mbele yao. Mimi pia ninaitaka. Njo inaniumiza.

Siku ya ine, 13 mwezi wa tano

Wamefika. Niko mu jikoni, Straton amesema ningoje mpaka aniite. Ninaandika haraka juu ya magoti, Agathe ameketi kwa miguu yangu.

Ukuta ni wa matete, ninasikia yote. Bwana mukubwa wa komisyon amefungua kabati. Amehesabu masahani. Ameuliza kama tunalala na shuka. Straton anajibu Kifaransa. Mungu amusaidie.

Mbele yangu masufuria mbili. Moja ya muchele, aliniagiza asubui. Ingine ya maragi na viazi. Hiyo hakuagiza, lakini pia hakuikataza—aliifunua, akaonja, akaifunika, akaenda kufunga kravati.

Sasa Bwana mukubwa anauliza mutoto iko wapi. Kama ana afya. Anakula nini.

Kiti ya Straton inasogea.

Miguu yake inakuja mpaka kwa mulango.

—Mama Agathe! Lete mutoto na chakula yake!

Hakusema sufuria gani. Agathe amekwisha kusimama, anafungua kinywa. Nimefunua sufuria ya maragi, mwiko iko mu mukono yangu ingine, na moshi yake iko inanipanda mu uso—