Viazi Vyenye Umbo la Mundu

Mama yangu mpendwa, shikamoo.

Kabla hujauliza kama nakula, kaa vizuri kwenye kigoda. Na wewe dada Nyangeta unayemsomea Mama, paza sauti majirani wasikie: Magesa ni bosi huku Uingereza! Nina ofisi ndani ya nyumba ya vioo, nina kiti kinachozunguka, na nawafundisha Wazungu Kiingereza chao wenyewe. Mimi, niliyeishia kidato cha pili! Bahati ikikupenda inakufuata hata kwenye baridi.

Miguu yako inaendeleaje, Mama? Mvua zimeshika hapo Nansio? Mimi mzima, ila pua inavuja kama mtumbwi wa Baba Mdogo. Barua hii anaileta mwenzangu wa Misungwi anayekuja likizo. Mpikieni sato, msimpe dagaa, amenibebea na mzigo.

Sasa habari za kazi. Hii ni bustani kubwa inayotunza mimea ya dunia nzima, na kila mmea lazima umbo lake liandikwe kwenye kadi. Lakini hawaandiki "kirefu" au "cha mviringo" kama watu. Wana maneno yao ambayo hata Mzungu wa mtaani hayajui. Nilimuuliza dereva wa basi "reniform" ni nini, akaniambia nikae chini. Kumbe ni umbo la figo. Maharage, Mama! Maharage ya kawaida, wameyavalisha suti.

Mkuu wetu ni Bi. Heather, mama wa makamo, miwani inaning'inia shingoni. Aliniambia, "Magesa, jifunze maneno haya nikupe mtihani. Ukipita, unakuwa mwandishi wa kadi, kazi ya kudumu, na Krismasi unakwenda likizo kwenu."

Kusikia Krismasi, nikayameza maneno kama uji. Kamusi ilinishinda, kwa hiyo kila neno nikalitafutia maana hapo hapo nyumbani. "Palmate" ni kiganja kilichotanua vidole: jani la muhogo, lile unalotwanga kisamvu. "Moniliform" ni kitu chenye mafundo yaliyofuatana kama shanga kwenye uzi: rozari yako. "Fusiform" ni kunenepa katikati na kuchongoka huku na huku: kiazi kitamu kilichopata udongo mzuri. "Falcate" ni kupinda kama mundu: kiazi kilichokutana na jiwe. Nilikuwa nayasema peke yangu huku nakuona umeinama kwenye matuta, kanga imefungwa kiunoni. Ahsante, Mama. Nilidhani nimetoka nyumbani mikono mitupu.

Siku ya mtihani Bi. Heather akaniletea kreti la viazi vitamu. "Vitenganishe kwa umbo, uandike kadi. Narudi mchana."

Nikamaliza mapema, kadi safi, mwandiko wa daktari. Nikavitazama vile vya "falcate". Vimepinda, na nchani vimeanza kulainika. Mama, mikono hii umeilea wewe. Kwetu kiazi cha namna ile hakingojeshwi. Nikachukua kisu, nikamenya, nikakata vipande vyembamba, nikavitandaza juu ya bomba la joto vikauke. Huku napiga mluzi.

Bi. Heather akaingia. "Magesa, viazi vya falcate viko wapi?"

"Hivi hapa, mama," nikamwonyesha bomba kwa fahari. "Nimetengeneza michembe. Sasa haviozi hata mwakani."

Akavaa miwani. Akaivua. "Vilikuwa vya kuchorwa," akasema taratibu. "Nimevisubiri tangu vilipopandwa."

Nikapiga magoti kuomba radhi, kama ninavyokuomba wewe. Yule mama akadhani nimeanguka! "Umeumia? Mleteeni maji!" Nilipomweleza, akacheka mpaka akatafuta pa kukaa. Wenzake walitaka nifukuzwe siku ile ile. Akawaambia, "Huyu haondoki." Mungu ampe maisha marefu.

Michembe yenyewe niliichemsha na karanga, tukala wote. Bi. Heather alisema ina ladha ya boksi lililonyeshewa, lakini aliongeza sahani. Nyingine nimekufungia, iko kwenye mzigo. Onja michembe ya Ulaya uwacheke.

Nisalimie Baba Mdogo mvuvi, mwambie azibe ule mtumbwi. Nisalimie shangazi wa Kamanga aliyenifumia sweta, nimelivaa sasa hivi ninapoandika. Na katekista wetu asichoke kuniombea.

Ni mimi mwanao wa mwisho, mwenye maneno mengi,
Magesa

Nyangeta, hapa soma polepole, umshike Mama mkono. Ofisi sina. Kiti kinachozunguka ni cha Bi. Heather, mimi nafagia chini yake. Mtihani nilifeli. Krismasi siji, Mama.